Goti na Usajili wa Kijana wa Bujumbura

Ndani ya goti mna kano fupi, nene kama kidole cha mwisho, inayozuia mfupa wa muundi usiteleze mbele ya mfupa wa paja. Mara nyingi hukatika bila mchezaji kuguswa na mtu: anageuka ghafla, njumu zimenasa ardhini, goti linalalia ndani. Husikika mlio, na jioni goti limeshavimba.

Hatari kubwa huja baadaye. Wiki chache zikipita uvimbe hupungua, kijana anatembea, hata anakimbia mbio za kunyooka. Aliyeahidiwa majaribio ya klabu katika mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, hujiona amepona. Anapomkwepa beki wa kwanza, goti linamponyoka, na safari hii gegedu la kati ya mifupa linaweza kuchanika pia.

Daktari hutengeneza kano mpya kwa kipande cha kano ya misuli ya mgonjwa mwenyewe, kutoka nyuma ya paja au chini ya pia ya goti. Kipande hicho hukomaa taratibu mno. Utafiti uliochapishwa 2016, uliohusisha wagonjwa wa Oslo, ulionyesha kwamba kila mwezi wa kungoja kabla ya kurudi uwanjani, hadi wa 9, ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa takribani nusu.

Marekani kungoja huko kuna mlipaji. Jaylon Smith, mchezaji wa mpira wa Kimarekani wa chuo cha Notre Dame, alikatika kano mbili za goti na kuumia neva Januari 2016. Katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi ya kulipwa, alitarajiwa kuchaguliwa miongoni mwa wa kwanza kabisa. Akaangukia nafasi ya 34. Hata hivyo klabu ya Dallas walimchukua, wakamtibu msimu mzima bila kucheza.

Lakini Bujumbura mlango wa kusajiliwa humfungukia aliye uwanjani. Mwaka 2013 klabu ya Vital'O ya huko ilitwaa Kombe la Kagame, la klabu za Afrika Mashariki na Kati, na mwaka huohuo mshambuliaji wake Amissi Tambwe akasajiliwa Simba ya Tanzania, akaibuka mfungaji bora wa ligi ya Tanzania Bara. Isitoshe, kanuni za FIFA, isipokuwa kwa masharti machache, haziruhusu mchezaji kuhamia nje ya nchi kabla ya miaka 18. Anayeumia akiwa na miaka 17 hupoteza mwaka uleule aliokuwa akiungojea, na hilo ni pigo zito kuliko kovu la upasuaji lenyewe.

Kovu halimzuii kusajiliwa. Daktari wa klabu hutazama picha ya MRI, hulivuta goti kuona kama limelegea, kisha humtaka kijana aruke kwa mguu mmoja na kupima umbali. Mguu uliopasuliwa ukifikia walau asilimia 90 ya mwenzake, kwa kawaida huhesabiwa kuwa umepita kipimo hicho.