Woodie: Gari lililotemwa na wenye pesa, likapata namba ufukweni

KILA dirisha la usajili linapofungwa, kuna majina hubaki bila timu. Umri umekwenda, goti linasumbua, mshahara mkubwa, klabu inaona bora imuache aende bure. Halafu timu ndogo isiyo na bajeti inamchukua, inampa namba, na msimu unaofuata jina lake ndilo linaloimbwa jukwaani.

Kwenye magari, hiyo ni hadithi ya Woodie, stesheni wagoni ya Marekani yenye mwili wa mbao. Wenye pesa walilitema. Vijana wa California ambao mifuko yao haikuruhusu gari jipya wakalichukua, wakalipakia mbao zao za kuteleza kwenye mawimbi, na likageuka alama ya mchezo wao.

Leo kuna watu wazima kabisa wanaokaa mezani na seti ya plastiki, gundi na brashi, wakiunganisha Woodie la urefu wa kiganja na kuligeuza kuwa gari la ufukweni. Ni kazi ya wiki kadhaa. Wengi humaliza na gari zuri, linang'aa kila kona, lakini ukiliangalia vizuri unaona halijawahi kufika baharini.

Hapo ndipo ilipo ishu. Gari hili huwezi kulijenga vizuri kama hujui lilifikaje ufukweni.

Staa ghali kumtunza

Kabla ya miaka ya 1950, kampuni za Marekani zilitengeneza stesheni wagoni nyingi kwa mbao halisi kuanzia nyuma ya kioo cha mbele. Ford walikuwa na misitu na kiwanda chao cha mbao huko Iron Mountain, jimbo la Michigan. Mabaki ya mbao za Ford hayakutupwa, yaligeuzwa mkaa na kuuzwa. Mkaa huo baadaye ukaitwa Kingsford, na hadi leo Wamarekani wanachomea nyama.

Lakini mbao ni mbao. Ikinyeshewa inavimba, ikipigwa jua inasinyaa. Viungo vinalegea, gari linaanza kupiga kelele barabarani, na maji yakipenya kuoza kunaanza. Mwenye gari alitakiwa kulipiga vanishi mara kwa mara kama seremala anayetunza kabati la mteja. Akizembea msimu mmoja, imekula kwake.

Wakati huohuo magari ya chuma kitupu yakaingia sokoni, hayadai huduma hiyo. Ford walitoa Woodie lao la mwisho la mbao halisi mwaka 1951. Buick wakafuata mwaka 1953, na mchezo ukaishia hapo. Bei ya yaliyotumika ikaporomoka.

Usajili wa bure

Anguko hilo liliwakuta vijana wa California wana shida moja: usafiri.

Mchezo wa kuteleza kwenye mawimbi asili yake ni Polynesia, na Hawaii ndiko ulikokomaa. Mmoja wa waliousambaza duniani ni Duke Kahanamoku, Mhawaii aliyetwaa dhahabu ya kuogelea mita 100 kwenye Olimpiki za 1912 na 1920. Kufikia miaka ya 1950 na 1960 fukwe za California zilikuwa zimejaa vijana, na wengi walitumia mbao za futi 9 hadi 10, yaani karibu mita tatu.

Sasa mzigo wa mita tatu utaupakia kwenye gari gani? Woodie lilikuwa na nafasi ndefu nyuma, paa la kubeba na, muhimu zaidi, bei ya kutupa. Ubao unaingia, ukizidi unatokeza nje ya mlango wa nyuma, safari inaendelea. Usiku likawa chumba cha kulala, asubuhi chumba cha kubadilishia nguo.

Mwaka 1963 wimbo "Surf City" wa Jan & Dean, unaolitaja gari hilo, ulishika namba moja Marekani. Gari lililokuwa linatafuta mnunuzi likawa linaimbwa redioni. Mchezo wenyewe ulisubiri zaidi. Uliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza kwenye michezo ya Tokyo 2020, iliyofanyika 2021, ambapo Italo Ferreira wa Brazil na Carissa Moore wa Marekani walitwaa dhahabu.

Kikosi ndani ya boksi

Seti nyingi za magari ya Kimarekani zinatoka kwa kipimo cha 1/25. Yaani kila sentimita 25 za gari halisi zinakuwa sentimita moja.

Kwa shabiki wa soka hesabu ni rahisi. Kwa kipimo hicho, goli la mita 7.32 kwa 2.44 linakuwa na upana wa sentimita 29 na kimo kisichofika 10. Straika wa mita 1.75 anakuwa na sentimita saba. Mpira wenyewe haufiki hata sentimita moja. Gari la mita tano linakuwa na sentimita 20, hivyo unaweza kuliegesha kati ya milingoti miwili na nafasi ikabaki. Ubao wa futi 10 unakuwa na sentimita 12. Ukiusimamisha golini unazidi mwamba wa juu.

Ford ya 1948 ni kati ya magari ambayo kampuni ya Revell imewahi kuyatoa kwa kipimo hicho. Wenzao AMT ndio waliozoesha watu, kuanzia 1958, kununua boksi moja lenye chaguo tatu: ujenge gari kama lilivyotoka kiwandani, uligeuze kwa mtindo wako, au ulifanye la mashindano. Kikosi kimoja, mifumo mitatu, kocha ni wewe.

Kazi haianzi na gundi. Vipande huoshwa kwanza kwa maji na sabuni ya vyombo, maana hutoka kiwandani na mafuta yanayokataa rangi. Baadaye vinajaribiwa kavu, bila gundi, kuona kama vinakaa. Mwenye haraka akiruka mazoezi haya, ataaibika siku ya mechi.

Plastiki igeuke mbao

Hapa ndipo Woodie linaposhinda au kupoteza mechi. Mbao za kwenye seti ni plastiki tupu. Kuzigeuza ziwe mbao ni kazi ya rangi mbili.

Kwanza inapakwa rangi ya akriliki ya maziwa au mchanga, inaachwa ikauke kabisa. Juu yake inapita rangi ya mafuta ya kahawia, kidogo tu, halafu inavutwa kwa brashi kavu yenye nywele ngumu. Brashi inaacha mistari, na mistari hiyo ndiyo nyuzi za mbao. Fremu ya nje ibaki nyepesi, kama mbao za mepo zilizotumika kwenye magari halisi. Mapanelo ya ndani yawe meusi zaidi, kama mahogani.

Kosa linalowaponza wengi ni kuvuta brashi upande mmoja gari zima. Seremala hafanyi hivyo. Nguzo iliyosimama, nyuzi zake zinapanda juu. Boriti iliyolala, nyuzi zake zinalala nayo. Shabiki wa kawaida anaweza asiseme kosa liko wapi, ila jicho litakataa.

Chumvi ya jikoni

Mbao za kubebwa juu mara nyingi mtu huzichonga mwenyewe. Kipande cha mti mwepesi wa balsa au karatasi ngumu ya plastiki kinatosha. Urefu sentimita 12, upana mbili na kidogo, unene milimita tatu, halafu msasa hadi ncha zikae mviringo. Katikati unapita mstari mwembamba, maana mbao halisi zilikuwa na uti wa mti. Chini nyuma linawekwa pezi moja.

Keria ya paa inakunjwa kwa waya. Aliyewahi kukata kandambili apate magurudumu ya gari la waya, hapa hahitaji mwalimu.

Kisha unakuja uamuzi mgumu: kulichakaza gari ambalo limetumia wiki nzima kupendeza. Kwenye madigadi na kingo za boneti inapulizwa kwanza rangi ya kutu. Ikikauka, sehemu hizo zinaloweshwa kwa maji, zinanyunyiziwa chumvi ya jikoni, zinaachwa tena zikauke. Rangi ya gari inapulizwa juu yake. Mwisho chumvi inasuguliwa kwa brashi, inabanduka na rangi, na mabaka ya kutu yanatokeza. Chumvi ndiyo iliyoyala magari halisi ufukweni, na ndiyo inayofanya kazi mezani.

Mbao nazo zinafifishwa vanishi sehemu za chini, kule maji yanakotuama. Kiti cha nyuma kinaondolewa, kwa sababu wenyewe walihitaji nafasi. Sakafuni unamwagwa mchanga laini kidogo. Kila alama iwe na sababu. Ukizidisha, gari linakuwa skrepa. Ukipunguza, linarudi dukani. Mwamuzi wa pembeni hayupo, na rangi ikishatoka imetoka.

Dakika ya 90

Wengi huumia mwishoni kabisa, kwenye vioo. Gari limekamilika, mtu anachukua supaglu abandike kioo cha mbele fasta akalale. Asubuhi anakuta kioo kina ukungu mweupe. Ni mvuke wa gundi hiyo, na kuufuta ni kazi ya kung'arisha upya kwa msasa laini kabisa. Ni kama kufungwa dakika za nyongeza wakati ulishaanza kushangilia. Dawa yake ni gundi nyeupe ya maseremala. Inachelewa kushika, lakini ikikauka inakuwa angavu.

Rangi za kupuliza nazo zina masharti yake: zipulizwe nje au penye hewa, na barakoa usoni.

Woodie halisi leo halipatikani tena kwa bei ya kutupa. Yaliyobaki yanauzwa makumi ya maelfu ya dola, na kila mwaka wenye nayo hukusanyika Moonlight Beach, mjini Encinitas, California. Mengi yamerudishiwa vanishi hadi yanang'aa kuliko siku yalipotoka kiwandani. Ni haki yao, wamelipa.

Kijana wa 1963 hakulijua gari la namna hiyo. Alilijua la kwake, lenye mlango usiofunga vizuri, mchanga sakafuni na mbao mbili zikining'inia nje nyuma. Mwenye seti ya plastiki mezani ana nafasi ya kulirudisha hilo, kwa rangi mbili na kijiko cha chumvi.