Kupima Usahihi wa Kipimajoto cha Oili katika Ndege Ndogo ya Zamani

Kila chombo cha kupimia nacho hakina budi kupimwa. Kanuni hii hufundishwa katika maabara za shule zetu, lakini mara nyingi husahauliwa pindi mwanafunzi anapotoka mlangoni. Makala haya yanakusudia kuieleza kwa mfano mmoja: kipimajoto cha oili katika ndege ndogo ya zamani. Hapo kosa la nyuzi chache laweza kuharibu injini, na pengine kuhatarisha maisha ya rubani.

Ndege tutakayoichukua kuwa mfano ni Piper J-3 Cub, iliyoundwa katika mji wa Lock Haven, jimbo la Pennsylvania, nchini Marekani, hadi mwaka 1947. Ziliundwa takriban ndege 20,000 za aina hiyo, na baadhi yake zinaruka hata leo. Nyingi zilifungwa injini ya Continental A-65, yenye silinda nne na nguvu za farasi 65, ambayo hupozwa kwa hewa. Oili yake haizidi lita nne. Ndege hii haikuundwa na betri wala mwasho wa umeme. Ili kuiwasha, mtu huizungusha rafadha kwa mkono. Kwa hiyo kipimajoto chake hakina budi kufanya kazi bila umeme.

Kwa nini joto la oili lipimwe?

Oili ina kazi mbili kubwa: kutenganisha vyuma visisuguane, na kuchukua joto kutoka sehemu za ndani ya injini. Inapopata joto mno, mnato wake hupungua, utando wake huwa mwembamba, na vyuma huanza kugusana. Kwa injini ya A-65 kikomo ni nyuzi 220 za Farenhaiti, yaani nyuzi 104 hivi za Sentigredi.

Oili yenye ubaridi mno nayo ina madhara yake. Petroli inapoungua hutoa maji. Lita moja ya petroli hutoa takriban lita moja ya maji. Sehemu kubwa ya maji hayo hutoka pamoja na moshi katika hali ya mvuke, lakini kiasi kidogo hupenya hadi kwenye oili. Oili isipopata joto la kutosha kuyafukuza, maji hayo hubaki humo, hushirikiana na masalio ya moto kufanya asidi, na vyuma hushika kutu. Basi rubani anahitaji kujua mambo mawili: kwamba oili imepata joto la kutosha, na kwamba haijapita kikomo.

Chombo chenyewe

Kipimajoto hiki kina sehemu tatu. Ya kwanza ni tumba dogo la chuma linalotumbukizwa katika njia ya oili. Ndani yake mna kiowevu kinachogeuka mvuke upesi. Ya pili ni bomba jembamba sana linalotoka kwenye tumba hadi mbele ya rubani. Ya tatu ni bomba bapa lililopindwa mfano wa mundu, ambalo hujaribu kunyooka kanieneo ndani yake inapoongezeka. Kifaa hiki cha tatu kilibuniwa na Mfaransa Eugène Bourdon, aliyepata hataza yake mwaka 1849. Oili inapopata joto, kanieneo ya mvuke ndani ya tumba huongezeka, bomba hunyooka kidogo, na mshale husogea.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Bomba jembamba likipasuka au kuvuja, mvuke hutoroka, kanieneo hushuka, na mshale hurudi upande wa baridi. Kwa maneno mengine, chombo kibovu humwambia rubani kwamba mambo ni shwari. Ndiyo sababu fundi huonywa asilikate wala kulikunja bomba hilo kwa ghafla.

Jaribio la maji ya moto

Kwanza, injini ikiwa imepoa, fundi mwenye leseni huchomoa tumba kutoka kwenye injini. Hulitumbukiza katika sufuria ya maji pamoja na kipimajoto cha kioo ambacho usahihi wake umethibitishwa. Tumba na kipimajoto visiguse chini ya sufuria, kwa sababu chuma cha sufuria huwa na joto zaidi ya maji. Maji hupashwa moto polepole huku yakikorogwa, na vipimo vyote viwili huandikwa katika hatua kadhaa: nyuzi 60, 80, 90, kisha yanapochemka. Kabla ya kusoma kila kipimo inafaa kungoja hadi mshale utulie.

Kwa kuwa chombo cha ndege hii huonyesha Farenhaiti, hesabu ya Sentigredi huzidishwa kwa 9, ikagawanywa kwa 5, kisha ikaongezwa 32. Tuseme kipimajoto cha kioo kinaonyesha nyuzi 80 za Sentigredi, yaani 176 za Farenhaiti, na mshale wa ndege unaonyesha 168. Chombo kimepungukiwa nyuzi 8. Ikiwa upungufu huo ni uleule katika hatua zote, basi mshale unapoonyesha 215 joto la kweli ni 223. Rubani anadhani amebakiwa na nyuzi 5, kumbe amekwisha kupita kikomo kwa nyuzi 3.

Mtego wa mwinuko

Wengi hudhani kwamba maji yanayochemka yanatosha kuwa kipimo, kwani kila mtu amefundishwa kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100. Kauli hiyo ni kweli pale tu kanieneo ya hewa inapokuwa ile ya usawa wa bahari. Tukipanda juu kanieneo ya hewa hupungua, na maji huchemka kwa joto la chini zaidi. Upungufu ni takriban nyuzi 1 ya Sentigredi kwa kila mita 300. Dar es Salaam na Mombasa maji huchemka karibu na nyuzi 100. Arusha, iliyo mita 1,400 hivi juu ya bahari, huchemka karibu na nyuzi 95. Nairobi ni kati ya nyuzi 94 na 95, yaani 202 hivi za Farenhaiti.

Fundi wa Nairobi asiyelifahamu jambo hili ataona mshale mzima kabisa ukisimama kwenye 202, naye atasema kwamba umepungukiwa nyuzi 10. Atakitupa chombo kizuri. Vilevile, chombo kilichozidisha nyuzi 10 kitamwonyesha 212, naye atakisifu kuwa ni sahihi. Kosa hapo si la chombo wala la maji, bali la kipimo alichokiamini bila kukichunguza.

Baada ya jaribio

Kosa likijulikana, chombo hupelekwa kwa mafundi wa vyombo kirekebishwe, au hubadilishwa. Kikionekana kuwa sahihi, basi joto ni la kweli, na sababu itafutwe katika injini: pengine oili ni kidogo au imechakaa, au hewa ya kupoza haipiti sawasawa. Utaratibu huu humwepusha mwenye ndege na gharama ya kufungua injini isiyo na ubovu.

Angani hakuna sufuria, lakini upo ushahidi wa pili. Oili inapopata joto na kupungua mnato, kanieneo yake nayo hushuka. Joto likionekana kupanda huku kanieneo ikishuka, vyombo viwili vinatoa habari moja. Kanieneo isiposhuka, chombo cha joto chaweza kushukiwa. Hata hivyo rubani mwenye busara hutua kwanza, akachunguza baadaye.

Mwalimu wa Fizikia anaweza kulifanya jaribio hili darasani kwa vipimajoto viwili vya kioo na sufuria moja. Wanafunzi watafute kwanza mwinuko wa shule yao, wakadirie maji yatachemka kwa nyuzi ngapi, kisha wayachemshe. Vipimajoto vikitofautiana, waulizwe ni kipi cha kuaminiwa, na kwa ushahidi gani.