Base ya Lodwar, Ndoto ya Kakuma

Base yetu hapa Lodwar iko chini ya mti, kando ya steji ya nduthi. Tuko saba. Wawili tuko na digrii, mmoja diploma ya ualimu, na sote tunabebanga watu kwa soo. Mimi nimetuma barua za job mpaka msee wa saiba anajua CV yangu kwa kichwa.

Sasa cheki dogo wa fomu 3 akitoka shule jioni. Asubuhi mwalimu alimshow asome ataomoka. Saa kumi na moja anapata wa digrii akisaka finje ya mafuta. Ataamini nani?

Wazazi wanasema madogo wameharibiwa na kampani: muguka, beti, simu. Si uongo. Kuna mmoja nilimwona akichoma fee yote wikendi moja, timu zenyewe hata hazijui. Lakini base hujazwa na wenye hawana pa kwenda.

Panda mat uende Kakuma, kama kilomita 120. Kambi ya wakimbizi iko hapo tangu 1992. Madarasa yamefurika, na bado kuna watoi wanabukua na tochi ya simu. Si eti wametushinda akili. Ni juu ya "Wusk", ile skolashipu ya WUSC yenye hupeleka wakimbizi vyuo vya Canada, na bila KCSE imesimama huiguzi. Hapo kambini kila mtu anajua mtu alipaa. Jirani wa dogo wa Kakuma ako Canada. Jirani wa dogo wa Lodwar ni mimi.

Usidhani ni mbinguni, lakini. Wusk hubeba wachache. Ukiikosa unaishia "insentivu": unafunza kama Mkenya mwenye mko naye stafurumu, yeye analipwa mshahara, wewe unapewa tu kitu ya kushika mkono. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inawaruhusu kufanya job. Kupata makaratasi ndio noma.

Na wenyeji? Fununu ya kazi ikifika steji, mtu wa Down Kenya, yaani wa kutoka nje ya kaunti, ashashuka na begi. Kisima ya Ngamia 1 ilipatikana na mafuta 2012, tukajua tumeomoka. Mwaka uliofuata watu wakaandamana wakitaka job na tenda, mpaka Tullow, kampuni yenye ilikuwa inachimba, ikasimamisha kazi kwa muda. Sikatai, walikuwa na haki. Ila madogo waliotazama walijifunza kitu haiko kwa silabasi: kelele inasikika kuliko cheti.

Huko mashinani, kwa raiya, hesabu ni ya mbuzi. Mbuyu anapeleka mtoi mmoja shule, wengine wanachunga. Wa shule akirudi na D na mikono mitupu, mbuyu anaangalia zizi la yule mwingine, ananyamaza. Na mimi siwezi mwambia amekosea hesabu.

Kwa hivyo wewe mwenye ulisomea Eldoret, ukarudi ukashika job kwa kaunti, hebu acha kupita base na dirisha zimefungwa. Jumamosi moja tu, kuja ukae hapa chini ya mti na sisi. Umshow huyo dogo wa fomu 3 venye ulifanya, na kama kuna mtu alikushika mkono, pia hiyo usimfiche.