Gramu mbili zinazobeba sauti ya fidla

Fidla ikilia kwenye taarab, macho ya watu huwa kwa mwimbaji au kwenye mkono unaovuta uta. Nani anakitazama kile kijibao kilichosimama katikati ya kifua cha fidla, kimezibeba nyuzi zote 4? Hilo ndilo daraja. Halikutiwa gundi wala msumari. Linashikwa na mgandamizo wa nyuzi peke yake, nao unakaribia kilo 9. Lenyewe lina gramu 2 hivi, uzito wa nusu kijiko cha chai cha sukari.

Wepesi huo una kazi. Uta ukipita, uzi hutikisika kulia na kushoto, na daraja huyumba nao. Upande wa nyuzi nyembamba, ndani ya fidla, kuna kijiti kilichokaza kati ya kifua na mgongo, kwa hiyo mguu wa upande huo hautikisiki sana. Mguu wa pili ndio unaopiga kifua, na kifua ndicho kinachosukuma hewa hadi tusikie. Daraja likiwa zito huchelewa kuyumba, na zinazopotea kwanza ni sauti za juu, zile zinazoipa fidla uhai wake. Ushahidi uko mkononi mwa wapigaji wenyewe: wakitaka sauti ipoe, hubana kipande kidogo cha mpira juu ya daraja. Gramu chache tu, na fidla hiyohiyo inafifia papo hapo.

Lothar Cremer, mtaalamu wa sauti wa Ujerumani aliyechapisha kitabu kizima cha fizikia ya fidla mwaka 1981, alilichunguza daraja kwa kina. Lina mtikisiko wake lenyewe, karibu na mara 3,000 kwa sekunde, mahali ambapo sikio la binadamu ni jepesi mno. Yale matundu yaliyochongwa, moja katikati na mawili pembeni, wengi huyaona nakshi. Kumbe ndiyo yanayopunguza uzito na kukilegeza kiuno cha daraja kiyumbe inavyotakiwa.

Mbao yenyewe ni mepo, mti wa nchi za baridi. Ya Bosnia inasifiwa sana. Sisi tuna mpingo, fahari ya Kilwa, unaogeuzwa klarineti na obo duniani kote. Lakini mpingo huzama majini, na uzito wake unakaribia mara mbili ya mepo. Kwa daraja la fidla haufai, na hilo si kuudharau.

Kazi ngumu kuliko zote ni miguu. Fundi hupaka chaki kwenye kifua cha fidla, huliweka daraja, hulisugua kidogo, kisha huligeuza kutazama. Palipoguswa na chaki ndipo penye mwinuko. Hapo hupitisha kisu chenye makali, akitoa unyoya wa mbao unaopitisha mwanga. Hurudia, na kurudia tena, mpaka chaki ienee nyayo zote mbili. Ndipo huligeukia umbo: chini unene wa milimita 4 na kitu, juu ubaki 1.2 au 1.3. Mifereji ya nyuzi huipaka risasi ya penseli ili uzi uteleze.

Fidla si mgeni kwetu. Ilikuwamo katika kundi la mwimbaji wa taarab Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, na Zanzibar ingali inaisomesha. Ndiyo maana inaniuma kuona fidla za bei nafuu zikitoka kiwandani na daraja nene, refu kupita kiasi, miguu ikigusa kwa ncha tu. Mtoto anaminya nyuzi mpaka vidole vinauma, sauti inatoka ya puani, na lawama anabebeshwa yeye. Seremala mwenye mkono mtulivu, kisu kikali na msasa laini anaweza kujifunza kazi hii. Mashule na vikundi vyetu vingemtafuta mtu huyo kabla ya kununua fidla nyingine.

Kwa aliye na fidla nyumbani: kila unapokaza nyuzi, kichwa cha daraja huvutwa mbele kidogo kidogo. Litazame kwa ubavu. Uso unaoelekea mkia wa fidla unapaswa kusimama wima juu ya kifua. Ukiona limeinama, legeza nyuzi kidogo, lishike kwa vidole vya mikono yote miwili, ulirudishe taratibu. Ukiliacha, litapinda au litaanguka, na kijiti cha ndani kinaweza kuanguka nalo.