Mbio Ngapi kwa Siku Moja? Hesabu ya Mwogeleaji Mtu Mzima

Fomu ya mashindano ya kuogelea ya watu wazima nchini Marekani ina orodha ndefu kuliko mgeni anavyotarajia. Katika bwawa la yadi 25 kuna mbio binafsi 18: mtindo huru wa yadi 50, 100, 200, 500, 1,000 na 1,650, chali, chura na kipepeo, kila mtindo kwa masafa matatu, kisha mchanganyiko wa mitindo yote minne kwa yadi 100, 200 na 400. Klabu nyingi zinazoandaa mashindano ya siku moja humruhusu mtu kuingia hadi mbio tano. Hapo ndipo kalamu inaposita. Ulipie mbili? Nne? Au ujaze zote tano kwa kuwa umeshafunga safari?

Tuanze na pesa, maana ndizo nyepesi. Yeyote mwenye miaka 18 na kuendelea anaweza kujiunga na chama cha waogeleaji watu wazima, U.S. Masters Swimming, kwa ada ya mwaka, na ada hiyo haibadiliki ushindane mara moja au kila mwezi. Mashindano yenyewe hutozwa kwa namna mbili. Wapo waandaaji wanaodai ada moja, uogelee mbio moja au tano. Wengine wana ada ya msingi, kisha unaongeza kidogo kwa kila mbio. Tuchukue mfano wa kawaida: klabu ya kwanza inataka dola 50 kwa yote, ya pili inataka dola 20 za msingi na dola 7 kwa kila mbio. Kwa mbio mbili, klabu ya pili inakugharimu dola 34. Kwa tatu ni 41, kwa nne 48. Ukifika ya tano unalipa 55, na hapo tu ndipo ada moja inapokuwa nafuu. Kwa hiyo anayeingia mbio mbili au tatu atafute mashindano ya kulipia kila mbio, ikiwa eneo lake lina ya namna zote mbili.

Lakini ada ndiyo sehemu ndogo ya bili. Mtu wa Houston anayekwenda kushindana Dallas atalipa mafuta, hoteli ya usiku mmoja na chakula. Tukisema hayo yote yamekula dola 210, mbio mbili kwa bei za klabu ile ya pili zitamfikisha dola 244 na nne dola 258. Tofauti ni dola 14. Wengi wakiona hesabu hiyo hugawanya: mbio mbili ni dola 122 kila moja, tano ni dola 53 kila moja, basi tano ndiyo bei nzuri. Mimi nakataa kabisa ugawanyaji huo. Hoteli umeshailipa, na mbio ya tano hairudishi hata senti. Dola 7 zisikunyime mbio unayoitaka kwa moyo, wala zisikuvute kwenye mbio usiyokuwa na sababu nayo.

Vazi nalo lina hesabu yake. Suti za mashindano, zile zinazobana hadi mtu anahitaji robo saa kuzivaa, huuzwa kwa mamia ya dola, na kila zikivaliwa kitambaa kinalegea. Anayeogelea mbio tano ndani ya suti hiyo huivaa kutwa nzima, na muda wa suti kudumu unafupika. Kwa anayeanza, vazi la kawaida la mazoezi linatosha.

Sasa tuje kwenye bei halisi, ambayo ni muda wa kupumzika kati ya mbio na mbio. Huu hauandikwi kwenye fomu. Baada ya yadi 50 za nguvu zote, akiba ya haraka ya misuli, fosfokreatini, hurudi kwa kiasi kikubwa ndani ya dakika tatu hadi tano. Yadi 200 ni jambo jingine. Asidi iliyojaa mapajani na mabegani inahitaji nusu saa hivi kupungua, na hupungua vizuri zaidi ukiogelea polepole katika bwawa la kupoza mwili kuliko ukikaa kitini umejifunika taulo. Mashindano yasiyo na bwawa hilo, au angalau njia moja iliyoachwa wazi kwa kazi hiyo, yapunguzie mbio moja tangu mwanzo.

Tazama jinsi karatasi ya ratiba inavyoweza kukunasa. Katika mashindano haya makundi hayapangwi kwa umri. Hupangwa kwa muda ulioandika kwenye fomu, wa polepole wakitangulia na wa kasi wakimaliza. Umri unatenganishwa baadaye kwenye matokeo. Sasa chukua mtu aliye hodari wa kipepeo na dhaifu wa chali, ameingia yadi 50 kipepeo na yadi 100 chali, na mbio hizo zinafuatana. Kwa kuwa ana kasi katika ya kwanza, atawekwa kundi la mwisho. Kwa kuwa ni wa polepole katika ya pili, atawekwa kundi la kwanza. Atatoka majini akihema, aambiwe ajitose tena. Mwenzake aliye dhaifu wa kipepeo na hodari wa chali, kwa fomu ileile, atapata dakika kumi na zaidi. Wamelipa bei moja, lakini hawakununua kitu kimoja.

Ndiyo maana nashauri kabla ya kujaza chochote ufungue matokeo ya mwaka uliopita ya mashindano hayohayo. Hesabu kila mbio ilikuwa na makundi mangapi. Kadiria dakika moja na nusu kwa kundi la yadi 50, dakika mbili na nusu kwa yadi 100, na karibu dakika nne au tano kwa yadi 200. Kisha andika mbio zako pembeni ya dakika hizo. Ukiona pengo chini ya dakika ishirini kati ya yadi 200 na mbio yako inayofuata, moja kati ya hizo mbili ifutwe. Siku yenyewe waogeleaji wazoefu huandika kwa kalamu nzito mkononi namba ya mbio, kundi na njia. Nafasi ya mkono ikianza kubana, nadhani umeshavuka kipimo.

Nikiulizwa idadi, nasema hivi. Anayeshindana kwa mara ya kwanza aingie mbili, ya yadi 50 na ya yadi 100, zenye saa nzima katikati. Mwenye uzoefu aingie tatu: moja aliyoifanyia mazoezi kwa dhati, moja anayoipenda, na moja ambayo hajawahi kuijaribu. Ya nne iongezwe ikiwa ni fupi na iko mwishoni mwa ratiba. Anayeingia yadi 1,650 asidanganyike kwamba hiyo ni mbio moja kama nyingine. Ni urefu wa bwawa mara 66, na baada yake yadi 50 moja inatosha. Sitaki kuonekana nawazuia watu, ila lengo lisisahaulike. Daktari wa jeshi la wanamaji Ransom Arthur, aliyesukuma kuanzishwa kwa mashindano ya kwanza ya taifa ya masta, yaani waogeleaji watu wazima, huko Amarillo, Texas, Mei 1970, alitaka mashindano yawape watu wazima sababu ya kufanya mazoezi kwa afya zao. Mtu anayeamka Jumatatu bega likiuma kwa sababu ya mbio ya tano ameyatumia kinyume.

Hesabu hugeuka mashindano yakichukua siku kadhaa. Ubingwa wa masta wa dunia, kama ule wa Doha mwaka 2024, hutawanya mbio kwa siku nyingi, na mtu aliyetoka Muscat au Nairobi amekwishalipa tiketi ya ndege na malazi ya wiki. Huko mbio moja kwa siku haimchoshi mtu aliyejiandaa, na kuingia mbili tu baada ya gharama yote hiyo ni kujipunja. Angalia tu viwango vya muda vinavyotakiwa kwa umri wako kabla ya kukata tiketi.

Zimebaki mbio za kupokezana. Kwa kawaida hazihesabiwi katika kikomo cha mbio binafsi, na mara nyingi klabu ndiyo inayolipa. Kocha atakuja kukuomba asubuhi hiyohiyo, mtu wa nne akikosekana. Mwachie nafasi: kama unajua klabu yako huunda timu, punguza mbio binafsi moja unapojaza fomu, na umwambie kocha mapema ni mtindo gani uko tayari kuogelea na ni saa ngapi hutaweza.