Fayawoli na Antivirusi: Kila Moja na Kazi Yake

Mkazi wa Garsen, Tana River, anayeomba kazi huandika barua yake nyumbani, akaitia kwenye flashi na kuipeleka saiba ichapishwe. Jioni flashi hiyo hurudi kwenye kompyuta ya nyumbani, nayo kompyuta huunganishwa na intaneti kupitia simu ya mmoja wa familia. Hatari basi ina njia mbili za kuingilia: flashi na mtandao. Wengi huamini kwamba antivirusi peke yake inaziba zote mbili. Imani hiyo si sahihi, na ndiyo inayowafanya watu wazime fayawoli bila wasiwasi.

Fayawoli husimama kati ya kompyuta na mtandao. Hukagua data inayokuja imetoka anwani gani, inaelekea mlango gani wa kompyuta, na kama kompyuta yenyewe ndiyo iliyoiomba. Isiyoombwa huzuiwa. Antivirusi hufanya kazi ndani: hupekua mafaili, huyalinganisha na alama za virusi vinavyojulikana, na hufuatilia mienendo ya kutiliwa shaka, kama programu inayoanza kuyafunga mafaili ya mwenyewe ili adaiwe fidia. Mfugaji wa Tana River anaijua tofauti hii: boma la miiba humzuia fisi, lakini halimtibu ng'ombe aliyenunuliwa mnadani akiwa tayari mgonjwa. Vivyo hivyo, fayawoli haioni kirusi kilichokuja na flashi, na haimzuii mtu aliyepakua mwenyewe faili bovu, kwa kuwa data hiyo iliombwa.

Ushahidi mzuri ni Conficker, programu haribifu iliyozuka Novemba 2008 na kuambukiza mamilioni ya kompyuta duniani. Iliingia kwa mtandao kupitia kasoro ya Windows ambayo Microsoft ilikuwa imeshaitolea marekebisho Oktoba mwaka huo, na aina zake za baadaye zikasambaa pia kwa flashi. Aliyekuwa na fayawoli iliyofunga mlango ambao Conficker iliupitia aliepuka njia ya kwanza, lakini flashi ingeweza kumletea maradhi yale yale. Mwaka 2017 programu haribifu nyingine, WannaCry, nayo ilipenya kompyuta nyingi kwa mtandao bila mwenye mashine kubofya chochote, miezi miwili baada ya marekebisho kutolewa. Kwa hiyo hata kinga hizi mbili zinahitaji mfumo unaosasishwa.

Wapo watakaosema kwamba fayawoli haina haja kwa anayetumia intaneti ya simu, kwa sababu kampuni za simu mara nyingi huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Mpango huo hupunguza mashambulizi ya moja kwa moja kutoka mbali, lakini haumlindi mtu dhidi ya kompyuta iliyoambukizwa inayotumia waifai ile ile naye, iwe nyumbani, chuoni au hotelini. Wengine hulalamika kwamba antivirusi ni ghali na hula bando. Gharama ya kununua si kisingizio tena: fayawoli ya Windows huja ikiwa imewashwa tangu toleo la pili la maboresho ya Windows XP, mwaka 2004, na tangu Windows 8 ya mwaka 2012 antivirusi imo ndani ya mfumo bila malipo. Kuhusu bando, malalamiko ni ya haki, hasa kwa familia inayonunua data kidogo kidogo. Hata hivyo, kupoteza vyeti, picha na kazi za shule ni hasara kubwa kuliko bei ya data hiyo.

Hatari kubwa zaidi ni kuzima kinga zilizopo, kama fundi anavyofanya ili aweke programu isiyo na leseni, kisha asiziwashe tena. Mwenye kompyuta na afungue programu ya Windows Security leo, ahakikishe zote mbili zimewashwa, na kila flashi inayotoka saiba aikague kabla ya kufungua faili lolote. Anayetumia Windows 10 ajue kwamba msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo apange kuhama. Na mafaili muhimu yawe na nakala mahali pengine, kwani hakuna kinga isiyoshindwa.