KIMO CHA MTOTO HUANZA KATIKA SAHANI YA MAMA

Hanang ni nchi ya mahindi, maharage, ngano na ng'ombe, na Mogitu imo humo. Mgeni hawezi kudhani kuwa katika nchi kama hii mtoto aweza kukosa kimo kwa sababu ya chakula. Lakini katika wilaya jirani ya Mbulu, watafiti waliowafuatilia watoto wa Haydom tangu kuzaliwa, kuanzia mwaka 2009, waliona kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa wamedumaa walipotimiza miaka miwili. Kwa Tanzania nzima, uchunguzi wa mwaka 2022 ulipata 30 katika kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano.

Maradhi ya kuhara na maji machafu yana sehemu yao, nasi hatuyapuuzi. Leo twasema juu ya mama. Mtoto aliye tumboni hana ghala lake mwenyewe. Hujengwa kwa kile alacho mama na kile alichojiwekea mwilini. Mama akipungukiwa na damu au chakula, aghalabu mtoto huzaliwa na uzito mdogo. Msichana aliyeolewa kabla hajamaliza kukua hugombania tonge na mtoto aliyembeba. Tena, binti aliyedumaa utotoni huelekea naye kuzaa mtoto mdogo, na hivyo njaa ya bibi ikafika kwa mjukuu. Tangu mimba kutunga hadi mtoto kutimiza miaka miwili ni siku kama 1,000 tu, na kimo kilichopotea humo ni shida sana kukirudisha.

Sasa tutazame jikoni. Mama hulima, huchota maji, hutafuta kuni, hupika makande, kisha hula mwisho kilichobaki. Wako waume wajuao vema ng'ombe yupi ana mimba, wakamtafutia malisho mazuri. Mke mwenye mimba huachiwa mkunga.

Ndugu wanachama na wafanyakazi, kliniki hutoa vidonge vya kuongeza damu kwa wajawazito. Mume na amhimize mkewe aende miezi ya mwanzo, asingoje tumbo lionekane. Maharage, mboga za majani, dagaa na maziwa si vyakula vya matajiri. Katika mikutano ya vijiji tuzungumze waziwazi: mjamzito apunguziwe ndoo na mizigo ya kuni, apakuliwe pamoja na wengine, na mayai ya nyumbani yasipelekwe gulioni kabla yeye hajapata lake.